Hesabu ya Vikombe

Vikombe vilikuwa arobaini na nane.
Najua, maana mimi ndiye niliyeviosha,
na kila kilichovunjika nilikatwa mia tano
kwenye elfu tatu yangu ya kutwa.
Hoteli ya Bi Somoe, Chikongola, mlango wa bluu,
na ubao wa kuandikwa kwa mkono: KARIBU TENA,
ile "tena" imebanwa pembeni, herufi zimekondeana
kwa kuwa rangi ilikuwa inaisha.

Tulikuwa sita.
Chinguile wa chapati, aliyezigeuza kwa vidole vitupu.
Abiba wa supu. Fikiri wa meza za nje.
Salima, mpwa wa mwenye mali, wa droo ya pesa.
Mzee Nantanga na kuni zake
na kikohozi chake cha miaka yote, cha moshi tu.
Na mimi, wa vikombe.

Machi ile vyuo vikafungwa.
Wanachuo wakapanda mabasi na mabegi yao na madeni yao:
chai mbili, maandazi manne, Jafari wa mwaka wa pili,
bado yumo daftarini.
Madereva wa saruji wakawa wanakula ndani ya malori, vioo juu.
Yule mhandisi wa gesi, mpenda pweza,
aliondoka hata chenji yake hakungoja.

Tukaweka ndoo ya koki mlangoni.
Sabuni ikawa inaisha upesi kuliko sukari.
Sufuria ya supu ikageuka sufuria ya nyungu;
tulijifukiza wafanyakazi kwa zamu, chini ya kitambaa cha meza,
tukitoka tumelowa kama watoto wachanga.

Mzee Nantanga alikohoa mara moja,
mbele ya wateja wawili.
Wote wawili wakaacha sahani.
Bi Somoe hakusema kitu. Alimpa kilo mbili za unga
na nauli ya Newala, kisha akaenda uani kulia
akidhani vikombe havina masikio.

Elfu tatu ikawa elfu mbili.
Elfu mbili ikawa "chukua ukoko, kesho tutaangalia."
Kesho ni siku ndefu.

Chinguile akapata bodaboda ya mkataba.
Fikiri akaenda Tandahimba kupalilia mikorosho ya watu.
Salima akaolewa, harakaharaka, bila pilau.
Abiba hakuaga.
Nikabaki na vikombe arobaini na kimoja,
navipanga, navipangua,
kwani mtu wa mshahara sharti aonekane ana shughuli,
nami hata mshahara sina.
Alhamisi moja mlango wa bluu ukapigwa mnyororo wa baiskeli.

Sasa nauza ming'oko stendi.
Chumvi kidogo, pilipili kwenye karatasi.
Fungu mia tano: kikombe kimoja kilichovunjika.
Siku mbaya nauza mafungu kumi.
Piga hesabu mwenyewe.

Msimu wa korosho uliofuata, pesa ikarudi mjini, watu wakarudi na njaa,
na Bi Somoe akafungua. Nilisikia anapika mwenyewe,
anapakua mwenyewe, chapati zinaungua
huku watu wanagonga meza kwa vijiko.
Akanifuata stendi, barakoa ya kitenge chini ya kidevu.

"Vijana hawataki kazi," akasema. "Asumini, rudi."
"Kiasi gani?"
"Ileile."
"Na vikombe?"

Akatazama viatu vyake; kimoja kilikuwa kimeshonwa kwa waya.
Akatoa mia tano, akachukua fungu,
akala akiwa amesimama, haraka,
kama mtu aliyewalisha wengine tangu alfajiri.
"Nimenunua vya plastiki," akasema mdomo umejaa.
"Havivunjiki."

Nilitaka kucheka. Nilitaka pia kumpa kigoda changu.
Lakini basi la Masasi lilikuwa linaingia,
na kila dirisha lilikuwa limetoa mkono.